Mashahidi Waliozikwa Topeni

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Sote tunaliafiki neno hilo, maana hakuna asiyejua kuanua nguo kambani anapoona wingu jeusi likipanda kutoka upande wa Longonot. Lakini mpenzi msomaji, hebu nikuulize: mvua iliyonyesha miaka elfu moja iliyopita, dalili yake ni nini? Mawingu yake yalikwisha kutawanyika zamani. Waliolowa kwayo walikwisha kufa, na wajukuu wa wajukuu wao pia. Hapakuwa na kipimamvua wala mtu wa kuandika daftarini. Je, habari zake zimepotea moja kwa moja kama moshi?

La hasha! Hazikupotea. Zimeandikwa, tena kwa mwandiko usiofutika upesi, ila waandishi wake ni vitu ambavyo mimi na wewe tunavifagia na kuvitupa kila siku: vumbi la maua na mabaki ya wadudu. Hayo ndiyo ninayotaka kukusimulia katika kurasa hizi. Wala usidhani nimeyashika mambo haya ili nionekane msomi. Yalinijia kwa sababu ya ubishi uliozuka kwetu nyumbani, ubishi uliohusu kiwanja, nyumba na pesa za baba.

Sisi ni wakazi wa Naivasha. Mimi nilizaliwa mwaka 2009, na nyanya hupenda kunitania ati nilikuja na kiangazi mkononi, maana mwaka ule ukame ulikuwa mkali na ziwa letu lilikuwa limeshuka mno. Ufuo ulisogea mbali, na mahali palipokuwa na maji pakaota nyasi. Ng'ombe wakalishwa pale bila wasiwasi. Ilikuwa ni katika siku hizo ndipo baba alipouziwa kiwanja cha robo ekari upande wa ziwani, kwa bei ambayo hata leo akiitaja hutabasamu. Waliomuuzia waliapa kwamba maji hayawezi kufika pale.

Kisha mambo yakageuka. Mvua zilinyesha, ziwa likapanda, na mwaka 2020 likavuka mipaka yake kabisa. Majirani wetu wa zamani walihama usiku, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Kiwanja cha baba kikawa bwawa. Nguzo za ua zilitoa vichwa tu juu ya maji kama watu wanaoogelea, na viboko wakaja kukaa hapo kana kwamba wao ndio wenye hati. Tangu siku hizo maji huja na kurudi. Kila yakirudi nyuma kidogo, baba hutoa ramani ya nyumba kabatini, akaikunjua mezani na kuitazama.

Jioni moja baba mdogo alikuwa kwetu na mazungumzo yakawa hayo hayo.

"Kaka, jenga bwana," akasema baba mdogo. "Ile ya 2020 ilikuwa ajali tu. Sasa hali ya kawaida inarudi."

Nyanya, ambaye alikuwa akichambua maharagwe, aliinua kichwa. "Kawaida gani unayoisema wewe? Wazee wetu walituambia ziwa hili hupumua. Huvuta pumzi, kisha hutoa. Walisema kulikuwa na wakati watu walipita kwa miguu mahali ambapo leo pana kina."

"Mama, hizo ni hadithi za kuotea moto," baba mdogo akajibu huku akicheka.

Nyanya hakusema neno tena, akarudia maharagwe yake. Mimi niliudhika moyoni kwa jinsi alivyonyamazishwa, lakini mtoto hadakii maneno ya wakubwa. Hata hivyo swali moja lilinikaa akilini kama mwiba: ni nani anayeijua hali ya kawaida ya ziwa hili? Pesa ambazo baba alitaka kuzifukia pale ni akiba ya miaka kumi na miwili ya kazi katika shamba la maua. Zikienda na maji, karo yangu na ya ndugu zangu imekwenda nazo.

Swali hilo nililibeba hadi shuleni, nikampelekea mwalimu wetu wa biolojia. Mwalimu hakunijibu. Alinituma nje nikalete ua la muhindi uliokuwa karibu na jikoni la shule. Nilipolileta alilipukuta juu ya kigae cha kioo, akakiweka chini ya hadubini na kuniambia, "Tazama."

Lo! Lile vumbi la manjano ambalo hutuchafua sweta tukipita shambani halikuwa vumbi. Zilikuwa punje za mviringo, kila moja na tundu lake moja dogo. Hiyo ndiyo chavua. Mwalimu alinieleza kwamba jamii nzima ya nyasi, mahindi yakiwemo, huwa na chavua ya mviringo yenye tundu moja kama ile. Chavua ya mti wa podo, ambao mbao zake tunazijua sote, ina vifuko viwili vya hewa kandoni, utadhani kichwa chenye masikio mawili. Kila jamii ya mimea ina sura yake, na mwenye ujuzi huzitambua kama mchungaji anavyowatambua mbuzi wake.

Ajabu zaidi ni ugumu wake. Punje ya chavua aghalabu huwa na upana wa kati ya sehemu moja ya mia na sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini ganda lake la nje limejengwa kwa kitu kiitwacho sporopolenini ambacho hata asidi kali hukishindwa. Ikianguka ziwani au katika kinamasi, mahali ambapo tope halina oksijeni, hukaa pale maelfu ya miaka bila kuoza. Kila mwaka upepo na mito huleta chavua ya mimea iliyopo, na kila mwaka tope jipya huifunika. Haba na haba hujaza kibaba. Tope la chini ni la kale, la juu ni la jana. Ziwa, kumbe, ni daftari linaloandikwa kuanzia ukurasa wa chini!

Aliyewafundisha watu kulisoma daftari hilo kwa hesabu alikuwa Msweden aliyeitwa Lennart von Post. Mwaka 1916, katika mkutano wa wanasayansi uliofanyika mji wa Kristiania, ambao leo huitwa Oslo, alionyesha jinsi ya kuhesabu chavua za kila tabaka la udongo wa vinamasi na kuchora ni miti gani iliyoongezeka na ipi iliyopungua. Tangu siku hiyo kazi imekuwa ni hiyo hiyo. Watafiti hukaa juu ya chelezo, wakalidunga tope kwa bomba refu la chuma na kutoa mche wake mzima. Huukata vipande vipande, wakaosha kila kipande kwa dawa kali mpaka vibaki vile visivyoyeyuka, kisha wakahesabu chavua moja moja, mamia kwa mamia. Umri wa tope hupimwa kwa kaboni ya miali, njia iliyobuniwa na Mmarekani Willard Libby, ambaye aliipatia Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, kwa hiyo kiasi kilichobaki hueleza muda uliopita.

Huenda unasema, haya ni mambo ya Wazungu na vinamasi vyao vya baridi, yanatuhusu nini? Subiri kidogo. Katika miaka ya 1960 mtafiti kutoka Afrika Kusini, Bi. J. A. Coetzee, alichunguza tope la ziwa dogo liitwalo Sacred Lake, lililo katika msitu wa Mlima Kenya kwenye kimo cha mita 2,350 hivi. Leo ziwa hilo limezungukwa na miti mirefu. Lakini katika tope la enzi ya barafu, yapata miaka 20,000 iliyopita, chavua za miti hiyo zilikuwa chache. Zilizojaa ni chavua za nyasi na za vichaka vya baridi ambavyo siku hizi huota juu sana, karibu na mahali ambapo wapanda mlima huanza kutetemeka. Ukanda mzima wa mimea ulikuwa umeteremka kama mita 1,000. Sasa piga hesabu nami. Ukipanda mlima mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo mimea ile ikiwa chini kiasi hicho, ni kusema baridi ilikuwa imezidi ya leo kwa kiasi kama hicho. Mimi nilipoyasoma haya nilisikia baridi mwilini, wallahi, ingawa ilikuwa saa saba mchana.

Na si wageni tu wanaoifanya kazi hii. Pale Nairobi, katika Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, wako Wakenya wanaosoma chavua. Mmoja wao ni Stephen Rucina, ambaye mwaka 2009 yeye na wenzake walichapisha habari za kinamasi cha Rumuiku katika Mlima Kenya, tope lenye kumbukumbu ya zaidi ya miaka 20,000 ya misitu na moto. Niliposoma jina la Mkenya katika mambo haya, moyo wangu ulijaa fahari.

Hata hivyo, shahidi mmoja hatoshi kortini. Chavua ina udhaifu wake. Kwanza, upepo huweza kuibeba mbali, ikatoa ushahidi mahali ambapo mti wenyewe haukuwahi kuota. Pili, mmea huathiriwa na mambo mengi, si joto peke yake. Katika miaka ya 1990 watafiti waliopima kaboni iliyomo katika tope la lile ziwa la Mlima Kenya walionyesha kwamba miti ilirudi nyuma pia kwa sababu ya uchache wa hewa ya ukaa. Enzi ya barafu hewa hiyo ilikuwa kama sehemu 190 tu katika milioni, na miti iliona njaa ilhali nyasi zilistahimili. Maana yake ni kwamba ukiulaumu ubaridi kwa kila kitu, utamsingizia. Tatu, mti hauna miguu. Hali ya hewa ikibadilika leo, msitu huhitaji karne nyingi kufika mahali papya, mbegu kwa mbegu.

Hapo ndipo mdudu anapoitwa kizimbani.

Huko Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, alikuwako mtu aliyeitwa Russell Coope. Tangu miaka ya 1950 alianza kuokota mabaki ya mbawakawa katika mashimo ya changarawe. Mbawakawa, kama ujuavyo, ana mabawa mawili magumu ya juu yanayomfunika kama ngao. Ngao hizo ni za kitini, nazo hudumu topeni na rangi yake, ziking'aa utadhani amekufa juzi. Coope aligundua kwamba mbawakawa wa enzi ya barafu ni wale wale wa leo. Hawakugeuka kuwa aina nyingine. Hali ya hewa ilipobadilika, wao walihama tu kuifuata ile waliyoizoea. Basi ukimjua anapoishi leo, umejua hali ya mahali alipofia zamani.

Nitakupa mfano mmoja ambao hunichekesha kila nikiukumbuka. Katika mashapo ya Uingereza ya enzi ya barafu, Coope alipata mbawakawa wa mavi aitwaye Aphodius holdereri. Unajua leo anaishi wapi? Katika nyanda za juu za Tibet peke yake! Waingereza walikuwa na mdudu wa Tibet shambani mwao, naye alikuwa akila mavi ya wanyama wao kwa raha zake. Alikuwa haitaji tiketi, alihitaji baridi tu.

Hesabu yake ni rahisi hata kwa sisi tunaoikimbia hisabati. Tuseme umepata mbawakawa watatu katika tabaka moja. Wa kwanza huishi mahali penye joto la nyuzi 8 hadi 16 wakati wa kiangazi. Wa pili huishi penye 12 hadi 20. Wa tatu huishi penye 10 hadi 14. Ni mahali gani wote watatu wangeweza kukaa pamoja? Ni penye nyuzi 12 hadi 14 tu. Ukipata aina ishirini au thelathini, duara huzidi kufinyika na jibu huzidi kuwa sahihi. Mwaka 1987 Coope na wenzake, Atkinson na Briffa, walichapisha hesabu za namna hiyo za Uingereza kwa miaka 22,000 iliyopita.

Wakaona nini? Waliona kwamba enzi ya barafu ilipokuwa ikielekea mwisho, yapata miaka 14,700 iliyopita, joto la Uingereza liliruka ghafla likakaribia la leo. Lakini chavua za wakati ule ule zilionyesha nchi tupu isiyo na misitu. Nani mwongo? Hakuna mwongo. Mdudu ana mabawa, mti hauna. Mbawakawa wa joto walikuwa wamekwisha kufika, miti bado ilikuwa njiani. Mtu aliyemsikiliza shahidi mmoja tu angesema baridi ilikuwa haijaondoka. Kidole kimoja hakivunji chawa, mpenzi msomaji.

Mimi ni mtu wa kuona kwa macho, basi tukamwomba mwalimu ruhusa tujaribu wenyewe. Watafiti wa mbawakawa hulichekecha tope kwa chujio lenye matundu madogo ya karibu theluthi moja ya milimita, wakalichanganya na mafuta ya taa, kisha wakamimina maji. Mafuta hushikamana na mabaki ya wadudu, na yakipanda juu hupanda nayo, huku sehemu kubwa ya mchanga na takataka ikizama. Ziwani hatukwenda, maana viboko hawajui sayansi. Mimi na wenzangu wawili tulichimba tope kando ya bwawa la kunyweshea ng'ombe, tukachanga pesa za mafuta ya taa, tukakaa uani kwetu mbali na moto, mwalimu akituelekeza.

Kwa muda tuliona mizizi na majani tu. Kisha kitu kikang'aa. Kilikuwa nusu ya bawa la mbawakawa, jeusi lenye mistari myembamba iliyonyooka, kama lililochorwa kwa rula. Tukapata mguu, tukapata kichwa, tukapata bawa jingine la kijani kibichi. Hapakuwa na cha maelfu ya miaka pale, lilikuwa tope la juzijuzi, lakini tulipiga kelele hata mama akatoka jikoni.

"Yaani mmelichukua beseni langu la kufulia mkalijaza wadudu?" akauliza mama, mikono kiunoni. Kisha naye akainama, akatazama, akasema polepole, "Kumbe linabaki hivi?"

Sasa turudi Naivasha, mahali swali langu lilipoanzia, maana jibu lilikuwa hapa hapa nyumbani. Ziwa letu lina sehemu ya kina kirefu upande wa Crescent Island, ambayo ni shimo la volkano ya kale. Hata ziwa likipungua sana, hapo maji hubaki, na kwa hiyo tope lake halina kurasa nyingi zilizokatika. Mtafiti wa Ubelgiji, Dirk Verschuren, pamoja na wenzake Laird na Cumming, walilichunguza tope hilo, wakachapisha matokeo yao mwaka 2000.

Mashahidi wao walikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na mwani mdogo mno wenye ganda kama kioo uitwao daiatomu, na kulikuwa na vidudu wafananao na mbu ila hawaumi, wale wanaocheza hewani makundi makundi jioni kando ya maji. Watoto wa vidudu hawa huishi katika tope la ziwa, nao wakikua huacha maganda ya vichwa vyao vya kitini, madogo kuliko chembe ya chumvi. Kila aina ina maji yake. Wapo wapendao maji matamu, na wapo wastahimilivu wa maji ya chumvichumvi. Ziwa likijaa, maji huwa matamu. Likikauka, chumvi hukolea kama mchuzi uliosahauliwa mekoni. Kwa hiyo vichwa vya vidudu vilivyopangwa tabaka kwa tabaka ni historia ya mvua.

Historia hiyo inasema hivi. Kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi, nchi hii ilikuwa kavu kuliko leo. Baadaye, hadi karibu mwaka 1850, kwa jumla kulikuwa na mvua nyingi zaidi, lakini kipindi hicho kilikatizwa na ukame wa muda mrefu mara tatu: mwishoni mwa karne ya 14 kuingia ya 15, kisha yapata 1560 hadi 1625, kisha yapata 1760 hadi 1840. Soma tena tarehe hizo za mwisho. Ni miaka themanini! Mtu aliweza kuzaliwa, akaoa, akapata wajukuu na akazikwa, asilijue ziwa lililojaa. Tena ukame huo ulikuwa mkali kuliko wowote ulioandikwa katika karne ya 20.

Lakini lililonifanya nisimame kutoka kitini ni hili. Watafiti hao waliyalinganisha matokeo yao na masimulizi ya kale ya jamii za Afrika Mashariki, yale yaliyopokezanwa kwa mdomo, yanayoeleza nyakati za njaa, za kuhama na za vurugu, na nyakati za neema. Yakaoana! Wazee walisema njaa, na vidudu vya topeni vikasema ukame. Penye wazee haliharibiki neno. Nilimfikiria nyanya na maharagwe yake, na kile kicheko cha baba mdogo.

Jumapili iliyofuata nilimwomba baba ruhusa ya kusema. Nilichora mstari mrefu nyuma ya kalenda ya zamani, nikatia miaka, nikapaka buluu mahali ziwa lilipojaa na kahawia mahali lilipokauka. Baba aliutazama kwa muda mrefu.

"Sasa huyo mdudu wako," akauliza, "anasema nijenge ama nisijenge?"

"Baba, mdudu hasemi mwaka ujao maji yatafika wapi," nikamjibu. "Anasema tu kwamba ziwa hili halina mahali pamoja lilipowahi kutulia. Ukiona nyasi, maji yamepita hapo. Ukiona maji, nyasi zimepita hapo. Ile tunayoiita hali ya kawaida ni ile tuliyoikuta sisi tulipozaliwa."

Nyanya akapiga makofi. "Si nilisema linapumua? Si nilisema?"

Baba mdogo hakukubali. Alisema mambo ya miaka mia mbili iliyopita hayawezi kumzuia mtu kujenga leo, na mpaka sasa yuko pale pale. Baba naye hakusema nimeshinda. Aliikunja ramani ya nyumba, akairudisha kabatini. Juma lililofuata alipanda mabingobingo ya ng'ombe katika kile kiwanja, akasema nyasi zikizama hasara yake ni ndogo kuliko ya mawe. Akiba yake bado iko benki. Anatafuta kiwanja upande wa juu, na bei huko si ya kutabasamia.

Kuna jambo moja nisingependa ulielewe vibaya. Mtu anaweza kusema: ikiwa hali ya hewa ilibadilika hata kabla ya magari na viwanda, basi ya leo yasitutie wasiwasi. Hiyo si hoja. Nyumba huweza kuungua kwa radi, lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kucheza na kiberiti. Hewa ya ukaa, ile niliyosema ilikuwa kama sehemu 190 katika milioni wakati wa barafu, ilikuwa kama 280 kabla ya viwanda, na leo imepita 420. Hayo mengine tumeyaongeza sisi wanadamu. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosekana katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki mwa nchi yetu, na mifugo ikafa ovyo. Kisha mwaka 2024 mafuriko yakaja yakabeba watu. Ikiwa nchi hii iliweza kukauka miaka themanini bila msaada wetu, hatuna haja ya kuichokoza.

Ewe mwanafunzi mwenzangu, siku hizi nikipita shambani na sweta langu likapakwa vumbi la manjano, silikung'uti kwa hasira. Najua baadhi ya vumbi hilo litaanguka ziwani, litazama, litafunikwa. Wadudu wa mwaka huu nao wataacha ngao zao topeni. Siku moja, miaka elfu moja baadaye, huenda mtu akaudunga mche wa tope pale Crescent Island, akafika kwenye ukurasa wetu, akahesabu. Atajua kama tulikata misitu, maana chavua ya podo itapungua. Atajua kama tulilima mahindi, maana yale maduara yenye tundu moja hayatamficha. Majina yetu hatayajua, wala alama zetu za mtihani. Atajua tulivyoishi na ardhi tuliyopewa.

Basi, wewe uliye na nyanya au babu nyumbani, muulize leo habari za mvua alizosimuliwa na wazee wake, ukaziandike pamoja na mwaka kama anaukumbuka. Mimi nimekwisha kujaza kurasa kumi na nne za daftari kwa maneno ya nyanya, na anasema hajafika hata nusu.